Programu ya Picha Ichaguliwe Mwisho

Swali hili halikomi. Linatoka kwa wapiga picha wa studio za Kirumba, Butembo na Beni, huku kwetu Kivu Kaskazini nchini Kongo, kwa vijana wanaopiga picha za harusi na komunyo, na kwa akina mama ambao simu zao zimejaa hadi hazipokei hata ujumbe: "Nitumie programu gani kupanga picha zangu, kuzirekebisha na kuziwekea akiba?"

Anayeuliza hutaka jina moja. Majina nitayataja, ila ukianzia kwenye jina utapotea njia. Programu huja na kuondoka. Picasa ilipendwa sana, lakini Februari 2016 Google ilitangaza kuiacha, na mwezi uliofuata ikaacha kuihudumia. Waliokuwa na picha kwenye folda zilizopangwa vizuri hawakupoteza picha hata moja. Waliotegemea albamu na majina ya watu yaliyohifadhiwa ndani ya programu walilazimika kuanza upya.

Kwa hiyo fuata mpango huu: folda kwanza, akiba pili, programu mwisho. Na hiyo programu iwe ile unayoweza kuiacha kesho bila hasara.

## Jibu fupi kwa mwenye haraka

- Una simu tu: panga kwa Gallery ya Google, rekebisha kwa Snapseed, weka akiba kwenye kadi memori au fleshi, na zile chache za thamani zipandishe Google Photos.
- Una kompyuta ya nyumbani: panga kwa XnView MP au digiKam, nakili kwa FreeFileSync kwenye diski ya nje.
- Una studio: panga kwa digiKam, rekebisha kwa darktable au GIMP, nakili kwa FreeFileSync kwenye diski mbili zinazokaa nyumba mbili tofauti.

Zote hizi hazidai malipo ya kila mwezi. Angalia jambo moja tu: XnView MP ni bure kwa matumizi ya nyumbani, lakini anayefanyia biashara anatakiwa kununua leseni. digiKam, darktable na GIMP unaweza kuzitumia bure hata studioni; FreeFileSync, soma masharti yake kabla ya kuitumia kibiashara.

## Maswali manne ya kuiuliza programu yoyote

1. Inafanya kazi bila mtandao? Kwetu mtandao unaweza kukatika siku nzima. Programu inayokataa kufunguka bila mtandao haifai kuwa tegemeo.
2. Picha zinabaki kwenye folda za kawaida? Ukiifuta programu, je, utaziona picha zako kwa jicho kwenye diski? Kama jibu ni hapana, achana nayo.
3. Majina na maelezo niliyoandika yanakaa wapi? Yakiwa ndani ya picha yenyewe, yatasafiri nayo. Yakiwa ndani ya programu tu, yatakufa nayo. digiKam ina mpangilio wa kuyaandika kwenye picha. Uwashe siku ya kwanza.
4. Nikiacha kulipa, nini kinafungwa? Lightroom ya Adobe ni nzuri, lakini ni ya kulipia kila mwezi kwa kadi ya benki. Malipo yakikatika, sehemu ya kurekebisha inafungwa.

## Folda kwanza

Tengeneza folda moja kuu, iite Picha. Ndani yake weka folda ya kila mwaka, na ndani ya mwaka weka folda ya kila tukio. Jina lianze na mwaka, kisha mwezi, kisha siku:

- 2023-08-12_harusi_Kirumba
- 2023-12-25_Noeli_nyumbani
- 2024-04-07_komunyo_Butembo

Kwa nini mwaka utangulie? Kompyuta hupanga majina kwa kufuata herufi na tarakimu, kwa hiyo folda zitajipanga zenyewe kwa tarehe. Ukianza na siku, harusi ya Agosti itakaa katikati ya Noeli na Pasaka.

Mwenye studio aongeze folda mbili ndani ya kila tukio: 1_asili kwa picha zilivyotoka kwenye kamera, na 2_tayari kwa zilizorekebishwa. Folda ya asili haiguswi kamwe.

### Makosa ya kawaida hapa

- Kumwaga kadi zote kwenye folda moja. Kamera nyingi huhesabu picha hadi 9999, kisha hurudi mwanzo. Utakuwa na DSC_0001 ya harusi ya mwaka jana na DSC_0001 ya mazishi ya juzi. Kompyuta itakuuliza kama ubadilishe ya zamani kwa mpya; ukibonyeza ndiyo bila kusoma, bibi arusi amefutika.
- Kuchanganya picha za WhatsApp na zako. Zijue kwa jina. IMG-20240512-WA0012 ni picha iliyopitia WhatsApp: imepunguzwa, na tarehe iliyo kwenye jina si lazima iwe siku iliyopigwa. Ziweke folda yake, la sivyo "Habari za asubuhi" mia tatu zitakaa na picha za marehemu babu.
- Kuhamisha badala ya kunakili. Ukitoa picha kwenye kadi, nakili. Kisha linganisha idadi na ukubwa wa pande zote mbili, fungua chache, zinakili na kwenye diski ya pili. Hapo ndipo unaweza kufomati kadi, na uifomati ndani ya kamera yenyewe.

## Programu ya kupanga

Gallery ya Google ilitolewa mwaka 2019 ikiwa na ukubwa wa takriban MB 10 tu, kwa ajili ya simu ndogo na watu wasio na mtandao wa uhakika. Inapanga picha bila kuzipandisha popote. Kwa Tecno au Itel yenye nafasi ndogo, ndiyo ya kuanzia.

XnView MP ni nyepesi na haichoshi kompyuta ya zamani. Inafaa kutazama, kubadilisha majina ya picha mia mbili kwa mara moja, na kupunguza ukubwa wa kutuma.

digiKam ni kubwa zaidi. Inakuwezesha kuandika jina la mtu, mahali na tukio, kutoa nyota kwa picha bora, na kutafuta baadaye. Ukiulizwa, "Papa, ile picha ya mama mkwe wangu akicheza, unayo bado?", utaandika jina na itatokea. Mara ya kwanza inaweza kukuomba upakue faili kubwa za kutambua nyuso. Kama unanunua mega kwa kubana, kataa. Programu itafanya kazi bila hizo. Menyu yake ipo kwa Kifaransa, sawa na ya darktable na GIMP.

Usijaribu kuandika maelezo ya picha zote. Utachoka ukiwa mwaka wa kwanza. Andika ya zile zenye nyota tu.

## Programu ya kurekebisha

Kwa simu, Snapseed inatosha watu wengi: ni bure, haina matangazo, na inafanya kazi bila mtandao. Kwa kompyuta, GIMP ni ya kufuta waya uliopita juu ya kichwa cha bwana arusi au kubadilisha mandhari, na darktable ni ya mwenye kamera inayotoa faili za RAW, yaani picha ghafi kabla kamera haijazibana.

Zingatia haya:

- Hifadhi kila mara kama nakala mpya. Picha ya asili ikishafunikwa, hakuna programu ya kuirudisha.
- Usiivute picha nzima kuelekea mwanga. Gauni jeupe na ngozi nyeusi kwenye picha moja ndiyo mtihani wetu wa kila Jumamosi. Ukiongeza mwanga wa picha nzima, nyuso zitaonekana lakini gauni litakuwa karatasi tupu, bila nakshi. Ongeza mwanga wa sehemu zenye kivuli tu, kisha punguza kidogo sehemu zinazong'aa. Snapseed na darktable zote zina vifaa hivyo.
- Zima urembo wa kamera ya simu. Simu nyingi huja na kichujio kinachong'arisha na kulainisha ngozi. Mtu akipokea picha yake asijitambue, si kazi nzuri hiyo.
- Faili ndogo za darktable zisifutwe. Kando ya kila picha, darktable huweka faili inayoishia na .xmp. Ndani yake ndimo kazi yako yote ya kurekebisha. Ukihamisha picha, ihame nayo.

Na Photoshop ya wizi inayopitishwa kwa fleshi? Iache. Mara nyingi huja na virusi, na kirusi kimoja kinatosha kuufunga mlango wa picha za miaka mitano.

## Akiba: nakala tatu, mahali pawili au patatu

Mpiga picha wa Marekani Peter Krogh ndiye aliyeieneza kanuni ya nakala tatu, aina mbili za vifaa, na nakala moja nje ya nyumba. Wengine wanaisoma kama tahadhari ya moto au mwizi. Sisi tuna sababu nyingine. Mwisho wa Juni 2024 waasi wa M23 waliingia Kanyabayonga, kisha Kirumba, na familia nyingi zikashika njia ya Lubero na Butembo na kile kilichobebeka. Kompyuta ya mezani ya studio haibebeki kichwani pamoja na godoro na mtoto.

Panga hivi:

1. Nakala ya kwanza kwenye kompyuta au simu unayofanyia kazi.
2. Nakala ya pili kwenye diski ya nje ndogo, ikae mahali unapoweza kuinyakua gizani. Iwe na waya wake kwenye mfuko uleule wa plastiki.
3. Nakala ya tatu mbali nawe: kwa shangazi aliyeko Butembo, kwa kaka aliyeko Beni, kwa ndugu anayevuka mpaka wa Kasindi kwenda Kampala, au mtandaoni.

Kama una uwezo, diski ya kusafiri iwe SSD. Diski ngumu ya kawaida ina sahani inayozunguka ndani, na haipendi mitikisiko. Kuifunga nyuma ya pikipiki kwenye barabara ya taifa namba 2 ni kuitafutia kifo. Ikiwa huna budi, isafiri ikiwa imezimwa, imefungwa ndani ya nguo, mgongoni mwako.

### Jinsi ya kunakili kwa FreeFileSync

- Upande wa kushoto weka folda Picha ya kompyuta, kulia weka diski.
- Bonyeza kulinganisha, usome kitakachofanyika, ndipo uanze kunakili.
- Onyo kubwa: ule mtindo wa kioo hufanya diski ifanane kabisa na kompyuta. Ulichofuta kwenye kompyuta kwa bahati mbaya kitafutwa na kwenye diski. Anayeanza achague mtindo wa kusasisha, unaoongeza vipya bila kufuta vya zamani.
- Usianze kunakili betri ya umeme wa jua ikiwa inaelekea kuisha. Nakala iliyokatika njiani inaweza kuacha picha inayofunguka nusu: juu kichwa, chini kijivu. Laptopu yenye betri nzima ni salama kuliko kompyuta ya mezani.

## Fleshi bandia

Wahenga walisema akiba haiozi; hawakuijua fleshi ya sokoni. Fleshi au kadi iliyoandikwa GB 512 au TB 2 kwa bei ya chakula cha mchana ni bandia. Imedanganywa ijitaje kubwa, lakini nafasi halisi ni ndogo. Utanakili, majina yote yataonekana, na siku ya kufungua picha hazipo.

Ijaribu kabla ya kuiamini:

- Kwenye Windows tumia H2testw, kwenye Linux tumia F3. Zote ni bure.
- Ijaribu ikiwa tupu. Programu huijaza yote kisha huisoma tena, kwa hiyo inaweza kuchukua saa kadhaa.
- Mwambie muuzaji mapema kwamba utaijaribu. Mwenye bidhaa halali hatakasirika.

Hata fleshi halali si ya kuhifadhi picha miaka kumi kwenye sanduku. Ni ya kubebea. Hifadhi ya muda mrefu iwe diski, nayo uiwashe mara chache kila mwaka.

## Hifadhi ya mtandaoni

Google Photos ilikuwa na nafasi bila kikomo, lakini tangu tarehe 1 Juni 2021 una GB 15 za bure, na hizo zinagawanywa na barua pepe zako, Drive, na hata akiba ya WhatsApp ya Android. Picha ya simu ina kama MB 4. GB 15 zitabeba picha elfu tatu na ushei. Lakini harusi moja ya picha 600 za RAW, kila moja MB 25, inazijaza peke yake. Kwa hiyo mtandaoni weka zilizochaguliwa, si zote.

Kabla ya kuitegemea:

- Zima upandishaji kwa mega. Ruhusu Wi-Fi tu, vinginevyo mega za mwezi zitaisha usiku mmoja.
- Chagua ubora wa asili kwa picha utakazochapisha. Ule wa kuokoa nafasi hupunguza picha.
- Elewa kufuta. Ukifuta picha ndani ya Google Photos, inafutwa kwenye simu na mtandaoni pia. Zilizokuwa na akiba hukaa kwenye pipa siku 60, kisha basi.
- Linda mlango wa akaunti. Ukipoteza simu na laini siku moja, utaingiaje? Google hutoa namba za dharura kumi, kila moja ya kutumia mara moja. Ziandike kwenye karatasi, zikae na kitambulisho chako.
- Ingia mara kwa mara. Akaunti isiyotumika miaka miwili inaweza kufutwa.

## Picha na usalama wako

- Zima kuandika mahali kwenye kamera ya simu. Picha inaweza kubeba ndani yake alama ya nyumba yako, na ukiituma kama hati kwenye WhatsApp alama hiyo inakwenda nayo.
- Usiweke hadharani nyuso za wakimbizi au majirani pamoja na mahali walipo.
- Kabla ya kupita bariera, acha kwenye simu picha chache za kawaida tu. Nyingine zibaki kwenye diski nyumbani. Kumbuka pia pipa la takataka la simu: ulichofuta jana kipo humo.

## Ajali ikitokea

Umefomati kadi kimakosa. Usipige picha hata moja zaidi. Itoe kadi, tumia PhotoRec, ambayo ni bure, na picha zitakazopatikana uzihifadhi kwenye diski nyingine, si kwenye kadi ileile. Majina yatapotea, lakini picha nyingi zitarudi.

Umetoka saiba na folda zote za fleshi zimegeuka njia za mkato. Usibonyeze, usifomati. Mara nyingi picha zimefichwa tu. Safisha fleshi kwa programu ya kuua virusi, kisha fungua dirisha la amri la Windows na uandike: attrib -h -r -s /s /d E:\*.* (E iwe herufi ya fleshi yako). Folda zitajitokeza.

Diski ngumu inatoa sauti ya kugongagonga. Izime. Kila ukiiwasha unaimaliza. Sasa utafurahi kwamba kuna nakala kwa shangazi.

## Najua utaniuliza

"Picha zangu ziko Facebook, si inatosha?" Facebook huzipunguza, na akaunti ikiibwa zinaondoka nayo. Pale ni pa kuonyesha, si pa kuhifadhia.

"Nimezituma kwenye kundi la familia la WhatsApp." Hizo ni nakala dhaifu. Ukitaka ubora ubaki, tuma kama hati, si kama picha.

"Sina kompyuta kabisa." Nunua kiunganishi kidogo cha OTG cha kuchomeka fleshi kwenye simu, na mara moja kwa mwezi nakili folda ya DCIM. Mpe ndugu fleshi ya pili.

"Mteja amelipia picha zake, kwa nini nizihifadhi mimi?" Kwa sababu atarudi, hasa baada ya msiba au baada ya kukimbia. Mwambie mapema utazitunza muda gani, umwandikie kwenye risiti, kisha utimize.

## Kazi ya wiki hii

1. Jumatatu: tengeneza folda Picha na folda za miaka.
2. Jumanne: nakili picha za simu na kadi zote, hata bila kuzipanga.
3. Jumatano: ijaribu fleshi au diski yako.
4. Alhamisi: tengeneza nakala ya pili.
5. Ijumaa: mpelekee ndugu nakala ya tatu, au uipandishe kwenye Wi-Fi.
6. Jumamosi: chagua programu moja, uitumie kwa tukio moja tu.
7. Jumapili: chomoa kompyuta, chukua nakala ya pili, fungua picha kumi popote humo kwenye kifaa kingine.

Usiruke hiyo ya Jumapili. Zikifunguka zote kumi, una akiba. Hata moja ikikataa kufunguka, rudi Jumatano.